Tumsome mbunge huru katika Hansadi kabla ya kumhukumu

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba mbunge asiye na chama katika Bunge letu la Uganda ni kama mgeni arusini asiyejulikana ni wa upande wa bwana au wa bibi: anakula, anapiga makofi, na kesho yake hakuna anayekumbuka alikaa wapi. Mfano huo ulinichekesha, na nakiri kwamba wapo wabunge wawili watatu ambao unawakaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chao. Lakini mwandishi aliendelea kusema kwamba kura anayopewa mgombea huru ni kura iliyotupwa, kwa kuwa mtu mmoja asiye na chama hawezi kubadili sera yoyote ya taifa. Hapo naomba nafasi nimpinge kwa heshima, maana nadhani ameipima kazi ya mbunge kwa kipimo kisicho chake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Busia, mji ulioipa dunia neno bodaboda na ambao tangu hapo haujasifiwa sana kwa jambo jingine. Nilipostaafu nilijizoeza kusoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, kwenye tovuti yao, kwa simu ya mjukuu wangu ambaye anauona mchezo huo kuwa ni ugonjwa wa uzee. Katika kusoma huko nimejifunza kwamba maneno yanayovuma redioni na maneno yanayobadili maandishi ya sheria ni nadra sana kuwa maneno yale yale, na kwamba mbunge huru, akiijua kazi yake, anaweza kufanya mengi katika yale ya pili hata akikosa kabisa yale ya kwanza.

Kwanza tukumbuke kwamba mbunge wa namna hii si jambo la juzi. Katika miaka iliyotangulia kura ya maoni ya Julai 2005 iliyorudisha mfumo wa vyama vingi, wabunge wetu wote walichaguliwa kwa sifa binafsi, na hakuna aliyesimama kwa tiketi ya chama. Hapa kwetu tulikuwa na marehemu Aggrey Awori wa Samia-Bugwe Kaskazini, ambaye kila mtu alijua moyo wake ulikuwa katika chama cha UPC, lakini ambaye bungeni alilazimika kushinda kila hoja kwa ulimi wake mwenyewe. Bunge la miaka hiyo lilipitisha kura ya kutokuwa na imani na mawaziri Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999, bila kiranja wa chama, yaani mbunge anayewasimamia wenzake wapige kura pamoja, kuwahesabu watu mlangoni. Hata sheria ya mwaka 1997 iliyoanzisha Tume ya Bunge, ile inayolipatia Bunge uwezo wa kusimamia mambo yake lenyewe, ilitokana na muswada binafsi wa mbunge Wandera Ogalo, serikali haikuuleta. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za dhahabu. Ni wabunge hao hao wa sifa binafsi walioondoa ukomo wa mihula ya urais mwaka 2005, na Awori mwenyewe, aliyegombea urais mwaka 2001 kumpinga Rais Museveni, baadaye alihamia chama tawala cha NRM akawa waziri. Ninachosema ni kwamba mbunge asiye na chama ana asili ndefu katika Bunge hili, na asili hiyo ina mazuri na mabaya.

Leo Katiba inamruhusu mtu kugombea bila chama kwa Ibara ya 72, na kwa Ibara ya 83 inamfunga: akichaguliwa akiwa huru kisha akajiunga na chama, anaweza kupoteza kiti. Majirani zetu wa Tororo wanalikumbuka jambo hili, kwa kuwa ilikuwa kesi iliyomhusu mbunge huru wa Budama Magharibi Kaskazini, aliyetaka kurudi uchaguzini kwa tiketi ya chama, iliyoifanya Mahakama ya Katiba mwanzoni mwa 2011 iseme wazi kwamba mtu hawezi kukalia viti viwili. Katika Bunge la 11, lililoapishwa Mei 2021, zaidi ya wabunge 70 waliingia wakiwa huru, idadi iliyovizidi vyama vyote isipokuwa chama tawala. Lau wangekuwa chama, wao ndio wangekuwa upinzani rasmi. Lakini si chama, na wengi wao ni watu walioshindwa katika kura za mchujo za NRM wakasimama peke yao kwa hasira, kisha wakaingia bungeni wakijiita wanaoegemea upande fulani. Msomaji mwenzangu alikuwa na hawa akilini, na juu yao sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu unaanza pale anaposema kwamba hata mbunge huru aliye makini hana njia. Hebu tuangalie siku moja ya Bunge inavyokwenda. Taarifa ya kamati inasomwa, Spika anafungua mjadala, na kwa kuwa ukumbi una wabunge zaidi ya 500, dakika za kuchangia ni chache mno. Upande wa serikali una mawaziri wake, upinzani una mawaziri wake kivuli, kila upande una kiranja anayepeleka majina mbele. Mbunge huru anabaki akisimama na kukaa, akisimama na kukaa, mpaka Spika amwone. Hata kwenye kamati, Kanuni za Bunge zinawapa viranja kazi ya kupanga wajumbe kwa kufuata uzito wa vyama, huku maslahi ya wabunge huru yakitajwa kama jambo la kuzingatiwa. Kwa hiyo anayemtazama mbunge huru kwenye runinga jioni atamwona kwa nusu dakika, akikatizwa na kengele, na atadhani amemaliza habari yake.

Mchango wa ukumbini, hata hivyo, ndio sehemu ndogo kuliko zote. Sera inaamuliwa zaidi katika chumba cha kamati, ambako wanaitwa watumishi wa wizara na wataalamu na wananchi wenye malalamiko, na ambako mjumbe mmoja aliyesoma muswada usiku anaweza kuuliza swali ambalo katibu mkuu wa wizara hana jibu lake. Mjumbe asiyekubaliana na wenzake ana haki ya kuandika taarifa ya maoni ya wachache, nayo husomwa ukumbini pamoja na ile ya wengi na kuingia katika kumbukumbu. Baada ya hapo muswada unapitiwa kifungu kwa kifungu, na hapo mtu yeyote, awe na chama au asiwe nacho, anaweza kupendekeza neno moja libadilishwe. Walimu wa lugha tunajua uzito wa neno moja. Sheria ikisema waziri "atashauriana" na halmashauri, hiyo ni nchi moja. Ikisema "anaweza kushauriana", hiyo ni nchi nyingine.

Nitoe mfano ambao kila msomaji anaukumbuka. Mwaka 2017 ulipoletwa muswada binafsi wa mbunge Raphael Magyezi wa kuondoa ukomo wa umri wa mgombea urais, Bunge lilikuwa na wabunge huru kama Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, aliyekuwa ameingia miezi mitatu tu kabla kwa uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki, na Gerald Karuhanga wa Manispaa ya Ntungamo. Dunia inakumbuka viti vilivyorushwa mwishoni mwa Septemba, wabunge 25 waliosimamishwa na askari walioingia ukumbini. Inakumbuka pia hesabu ya tarehe 20 Desemba: 317 waliunga mkono, 97 walipinga. Kwa kipimo cha msomaji mwenzangu mambo yaliishia hapo, na waliopinga walipoteza muda wao.

Hayakuishia hapo. Karuhanga na wabunge wenzake wa upinzani walikuwa miongoni mwa waliopeleka malalamiko Mahakama ya Katiba, ambayo ilikaa Mbale, mwendo mfupi kutoka hapa kwetu, na ikatoa hukumu Julai 2018. Kuondolewa kwa ukomo wa umri kulipita kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, marehemu Jaji Kenneth Kakuru, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikubali kwa wanne dhidi ya watatu. Lakini kile kifungu kilichochomekwa njiani, cha kurefusha muhula wa Bunge kutoka miaka mitano hadi saba, majaji walikifuta. Walikifuta kwa kufuatilia namna kilivyoingia: hakikuwemo katika muswada wa awali, wananchi hawakuulizwa, na kilichofanyika kilisomeka katika kumbukumbu za Bunge lenyewe. Wabunge wenyewe walikuwa wamejiongezea miaka miwili. Maneno ya waliopinga, pamoja na ya waliounga mkono, yakawa ushahidi mezani kwa majaji. Sidai kwamba wabunge huru peke yao ndio waliofanya kazi hiyo, maana walikuwemo mawakili na wanachama wa vyama vya upinzani. Nadai tu kwamba mtu aliyesimama akapinga, hata akishindwa kwa kura mia mbili, hakuwa amezungumza na ukuta.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi lakini naupenda kuliko ule wa kwanza, kwa sababu unahitaji mtu mmoja tu. Katiba inataka theluthi ya wabunge wawe ukumbini wakati wa kupiga kura, na akidi hiyo mara nyingi haipo, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuona viti vile vitupu alasiri ya Alhamisi. Desemba 2013 Bunge lilipopitisha sheria ya kupinga ushoga, Waziri Mkuu wa wakati huo, Amama Mbabazi, alisimama kuhoji akidi; mjadala uliendelea bila watu kuhesabiwa, na Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikaitengua sheria nzima kwa sababu hiyo moja. Mei 2023 ikawa zamu ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, nayo ikaanguka kwa kukosa akidi baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso kwenda mahakamani. Msomaji awe na maoni yake juu ya ushoga na juu ya mairungi, hilo si suala langu leo. Suala ni kwamba kuhoji akidi hakuhitaji chama, hakuhitaji kiranja, hakuhitaji hata ufasaha. Kunahitaji mbunge aliyebaki ukumbini wenzake walipokwenda zao, na ambaye haogopi kununiwa kesho. Mbunge aliyefungwa na chama kilicholeta muswada anaona tabu kufanya hivyo. Mbunge huru hana kisingizio.

Njia ya muswada binafsi ni ngumu zaidi, na hapa nakubali kwamba mlango ni mwembamba. Ibara ya 93 inamkataza mbunge wa kawaida kuleta muswada unaotoza kodi au unaogusa Mfuko Mkuu wa serikali, kwa hiyo mambo mengi yenye fedha, yaani takriban mambo yote, yako nje ya uwezo wake. Lazima kwanza Bunge limpe ruhusa ya kuuandaa, kisha aombe Wizara ya Fedha cheti cha athari za kifedha, ambacho sheria ya mwaka 2015 inasema kitahesabiwa kuwa kimetolewa zikipita siku 60 bila jibu. Wilfred Niwagaba wa Ndorwa Mashariki, mbunge huru ambaye upinzani ulimwamini kiasi cha kumpa wadhifa wa Mwanasheria Mkuu kivuli, aliingia mlango huo mwaka 2019 na muswada wa kurekebisha Katiba: alitaka ukomo wa mihula urudi, wawakilishi wa jeshi watoke bungeni, na mawaziri wasiwe wabunge. Muswada haukuwa sheria. Lakini mapendekezo yake yapo yameandikwa kwa lugha ya sheria, vifungu na nambari zake, na mtu yeyote wa Bunge lijalo anaweza kuyachukua yalivyo bila kuanza upya.

Ili nisionekane ninawapigia debe wabunge huru wote, nitaje na upande wa pili. Marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta yaliyopitishwa Septemba 2022, ambayo waandishi wa habari na mawakili wengi waliyalaumu kwa kubana maoni ya watu mitandaoni, hayakuletwa na serikali. Yaliletwa na Muhammad Nsereko wa Kampala ya Kati, ambaye katika Bunge hilo alikaa akiwa mbunge huru. Aliyesoma taarifa ya wachache kuyapinga alikuwa Gorreth Namugga, mbunge wa chama cha upinzani cha NUP. Uhuru wa kutokuwa na chama haumwambii mtu aelekee wapi. Unamwacha bila wa kumsingizia tu. Nsereko aliufanyia muswada wake kazi kubwa, akaupitisha, na rais akautia saini Oktoba mwaka huo huo. Mimi siupendi, lakini siwezi kusema kwamba mbunge huyo hakuchangia sera ya taifa, na msomaji mwenzangu anayeamini kwamba watu hawa hawana uwezo wowote angepaswa kuutafakari mfano huo kwa uangalifu zaidi.

Sasa niseme kinachonikera. Wabunge wengi wa kanda hizi, wenye vyama na wasio navyo, wakipewa dakika zao wanazimaliza kwa kutaja barabara ya kijiji, kisima kilichoharibika na shule iliyoezuliwa na upepo. Mambo hayo ni ya kweli na watu wanaumia, lakini yakisemwa hivyo waziri hujibu kwamba ameyasikia, na habari huishia hapo. Chukueni habari ya ziwa. Tangu wanajeshi walipopelekwa Ziwa Victoria mwaka 2017 kudhibiti uvuvi haramu, wavuvi wa Majanji hapa Busia wamekuwa na malalamiko yao, na wenye viwanda vya sangara wana shukrani zao. Mbunge anayesimama kusema "watu wangu wanapigwa" amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza askari anamkamata mvuvi kwa kifungu gani cha sheria, nani mwenye mamlaka ya kuamuru nyavu zichomwe kabla ya hakimu kuziona, na fedha za shughuli hiyo ziko katika fungu la wizara gani. Maswali hayo yakiulizwa, Majanji haiwi tena habari ya Busia peke yake. Inakuwa sera ya uvuvi ya Uganda nzima, na mbunge wa visiwa vya Kalangala au vya Buvuma atasimama kuunga mkono.

Mwaka fulani, mazishini, nilimsikia mbunge mmoja wa mashariki, ambaye sitamtaja wala kusema ana chama au hana, akiwaambia waombolezaji kwamba aliwasha moto bungeni siku ilipojadiliwa kodi ya kutuma pesa kwa simu, ile iliyoanza Julai 2018 kwa asilimia moja na kuwaliza mawakala wetu wa mpakani kabla haijapunguzwa hadi nusu asilimia. Watu walipiga vigelegele. Nilikwenda nyumbani nikatafuta kumbukumbu za mijadala hiyo, na nilichompata amesema, katika siku zote nilizosoma, ni mistari mitatu ya kuwakaribisha wanafunzi waliokuja kutembelea ukumbi.

Na huu ndio mzizi wa tatizo, Ndugu Mhariri. Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini Bunge linajadili kwa Kiingereza na Hansadi inaandikwa kwa Kiingereza. Mama auzaye dagaa soko la Busia anawasikia wabunge wa Kenya redioni wakibishana kwa Kiswahili, anaelewa kila neno, kisha hajui mbunge wake mwenyewe alisema nini Kampala mpaka mbunge huyo aje mazishini kumsimulia. Ndugu zetu wa Tanzania wana Bunge linaloongea Kiswahili tangu kufunguliwa mpaka kufungwa, lakini sheria yao haimruhusu mgombea binafsi, jambo ambalo marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania mpaka Mahakama ya Afrika kule Arusha na kushinda mwaka 2013 bila sheria kubadilika. Wao wana lugha bila mgombea huru. Sisi tuna mgombea huru, na maneno yake hayatufikii.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa gazeti lako. Litenge safu, hata kama ni robo ya ukurasa kila juma, ya kuchapisha kwa Kiswahili yale wabunge wetu walioingia bila chama waliyosema katika mijadala ya kitaifa, pamoja na kamati walizokaa, marekebisho waliyopendekeza na kura walizopiga, bila sifa na bila matusi. Gharama ya kutafsiri isiwe kikwazo. Nimekwisha kutafsiri kurasa chache za mjadala wa tarehe 20 Desemba 2017, kwa mkono, kwenye daftari la mazoezi lenye mistari. Mkiniambia mahali pa kulifikisha, nitalipeleka kwa basi la Jumatatu asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Busia.